Diski Kubwa ya Kuwashia Kwenye Seva Ndogo ya Biashara: Dalili, Vyanzo na Tiba

Seva ndogo ya ofisi ambayo kwa miaka mingi imefanya kazi bila shida kwa diski za gigabaiti 500 inaweza kuanza kusumbua siku ile ile inapofungwa diski ya terabaiti 3 au 4 na kutakiwa kuwakia humo. Mara nusu ya diski hupotea, mara kisakinishi hukataa kuendelea, mara usakinishaji hukamilika vizuri kisha skrini ikabaki nyeusi. Kosa la kawaida ni kuidhania diski kuwa mbovu na kuirudisha dukani, ilhali kwa kawaida diski yenyewe ni nzima na kikomo kiko mahali pengine. Kati ya sahani za diski na faili la mtumiaji kuna tabaka kadhaa: kidhibiti cha diski pamoja na kebo zake, programu dhibiti ya ubao mama (BIOS ya zamani au UEFI mpya, ndiyo inayoiwasha mashine), draiva, jedwali la patisheni (orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa), na mfumo endeshi. Tabaka lolote kati ya hayo likihesabu sekta (vipande vidogo vya diski) kwa namba ya biti 32, haliwezi kuvuka sekta 4,294,967,296, na kwa sekta za baiti 512 hiyo ni sawa na baiti 2,199,023,255,552, yaani takriban terabaiti 2.2.

Kwa hiyo kazi ya fundi ni kutambua ni tabaka lipi lenye kikomo hicho kabla ya kufuta au kununua chochote. Kwa bahati njema, dalili zenyewe hulitaja tabaka hilo waziwazi, mradi tu zisomwe kwa makini.

Diski inaonyesha ukubwa usio sahihi

Ondoa kwanza shaka moja ndogo. Watengenezaji wa diski huhesabu kwa maelfu, na Windows huhesabu kwa 1,024. Diski iliyoandikwa terabaiti 3 huwa na baiti 3,000,592,982,016, nayo Windows huionyesha kuwa ni gigabaiti 2,794.52. Hakuna kilichopotea hapo, na hakuna cha kutengeneza.

Tatizo la kweli huja kwa sura tatu, na tofauti baina yake ni muhimu kuliko jambo jingine lolote katika mwongozo huu.

Sura ya kwanza ni pale ambapo programu ya kusimamia diski inaonyesha gigabaiti 2,048 zinazotumika na nyingine 746.52 ambazo hazijagawiwa na ambazo hazikubali kufanyiwa lolote. Ukizijumlisha utapata 2,794.52, yaani diski nzima. Maana yake ni kwamba kidhibiti, draiva na mfumo endeshi vyote vinaiona diski kwa ukamilifu, na kikomo kiko kwenye jedwali la patisheni peke yake. Jedwali hilo ni la aina ya MBR, muundo uliotoka pamoja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, ambao huhifadhi mwanzo na urefu wa kila patisheni kwa biti 32. Tiba ni kutumia jedwali la GPT, linalotumia biti 64.

Sura ya pili ni pale ambapo diski nzima inaonekana kuwa ndogo ajabu: ile ya terabaiti 3 inaonyeshwa kuwa gigabaiti 746, ya terabaiti 4 kuwa gigabaiti 1,678, ya terabaiti 6 kuwa gigabaiti 1,493, na ya terabaiti 8 kuwa gigabaiti 1,308. Namba hizi hazikutokea kwa bahati. Ni kile kinachobaki ukitoa terabaiti 2.2 kutoka ukubwa halisi wa diski, mara moja au zaidi, mpaka salio liwe dogo kuliko kikomo. Kuna tabaka linalopokea idadi kamili ya sekta kisha linakata tarakimu za juu na kubakiza biti 32 za chini. Tabaka hilo kwa kawaida ni draiva ya zamani ya kidhibiti, kifaa cha kuunganishia diski kupitia USB, au programu dhibiti ya zamani ya kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja). Kubadilisha jedwali la patisheni hakusaidii kitu hapa, kwa sababu jedwali lolote litaandikwa juu ya diski ambayo mfumo unaamini ni ndogo.

Sura ya tatu ni pale ambapo diski za ukubwa wowote, iwe terabaiti 3 au 8, zote huishia kwenye terabaiti 2.2, ambayo Windows huiita gigabaiti 2,048, bila salio lolote la kugawiwa. Hapo kidhibiti kinakubali kwamba diski ni kubwa lakini hakina namna ya kuomba sekta zilizo juu ya kikomo, kwa kuwa kinatumia amri za zamani zenye nafasi ya biti 32 tu za anwani. Baadhi ya kadi hizo hupata nafuu baada ya kusasishwa programu dhibiti. Nyingine zimefungwa na chipu yenyewe, na hakuna sasisho litakalozisaidia. Soma maelezo ya mtengenezaji kuhusu modeli yako kabla ya kupoteza siku nzima, na ukikuta imeandikwa kwamba kadi haivuki terabaiti 2, ibadilishe.

Ili kujua jibu liko wapi, linganisha ukubwa katika sehemu tatu: skrini ya mipangilio ya ubao mama, menyu ya kadi ya RAID kama ipo, na mfumo endeshi. Kwenye Linux, amri `lsblk -b` hutoa idadi ya baiti kama kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inavyoiona, na `smartctl -i` hutoa ukubwa ambao diski yenyewe inautangaza. Zikitofautiana, kikomo kiko katikati yake. Uangalie pia jambo hili: kerneli ikishapakiwa huzungumza na kidhibiti moja kwa moja bila kupitia BIOS, hivyo ubao mama unaweza kuonyesha namba potofu huku Linux ikiiona diski kwa usahihi kabisa. Kwa diski ya data hilo halina madhara. Kwa diski ya kuwashia lina madhara makubwa, kwa kuwa hatua za mwanzo za kuwaka hutegemea BIOS hiyo hiyo.

Ninasisitiza onyo moja. Tabaka linalokata tarakimu za juu linaweza kufanya hivyo hata wakati wa kuandika. Ukubwa unaweza kuonekana sahihi, seva ikafanya kazi vizuri kwa muda, kisha siku data inapovuka terabaiti 2.2, sekta inayopaswa kuandikwa juu ya mpaka ikaandikwa mwanzoni mwa diski, pale palipo na jedwali la patisheni na mfumo wa faili. Kwa sababu hiyo, diski kubwa kwenye kidhibiti cha zamani isipewe data ya ofisi kabla ya kujazwa faili za majaribio hadi juu ya mpaka huo, kisha faili za kwanza kabisa na za mwisho zikasomwa tena na thamani zake za SHA-256 (alama fupi inayobadilika yaliyomo yakibadilika) zikalinganishwa na zile zilizochukuliwa mwanzo. Jaribio hili huchukua saa nyingi, na kila saa ina thamani yake.

Kisakinishi kinakataa diski

Hapa kuna ujumbe wa aina mbili ambao huwachanganya watu kwa sababu unafanana huku ukisema mambo yaliyo kinyume. Mmoja unasema kwamba Windows haiwezi kusakinishwa kwenye diski hii kwa kuwa ina jedwali la GPT. Mwingine unasema kwamba diski ina jedwali la MBR, na kwamba kwenye mifumo ya EFI (yaani UEFI) Windows husakinishwa kwenye diski za GPT pekee. Wengi hukimbilia kubadilisha jedwali ili ujumbe uondoke, na katika hali ya kwanza huo ndio uamuzi mbaya kuliko yote: kuigeuza diski ya terabaiti 4 kuwa MBR kutauridhisha usakinishaji huku karibu nusu ya diski ikizikwa.

Sheria inayotawala ni hii: Windows huwaka kutoka diski ya GPT pale tu ubao mama unapoiwasha kwa njia ya UEFI, na huwaka kutoka MBR pale unapoiwasha kwa njia ya zamani ya BIOS. Kisakinishi hakikuulizi unataka njia ipi. Huangalia tu chenyewe kiliwashwa kwa njia ipi, kisha hulazimisha diski ifuate. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza, kwenye diski kubwa, una maana kwamba flashi ya usakinishaji iliwashwa kwa njia ya zamani. Zima seva, fungua menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia, na uangalie vizuri: flashi moja mara nyingi huorodheshwa mara mbili, mara moja ikiwa na neno UEFI mbele ya jina lake na mara nyingine bila neno hilo. Chagua ile yenye neno UEFI.

Ikiwa umesahau ulichagua ipi, si lazima ubahatishe. Ndani ya kisakinishi cha Windows, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja ili upate dirisha la amri, endesha `wpeutil UpdateBootInfo`, kisha soma thamani ya `PEFirmwareType` chini ya `HKLM\System\CurrentControlSet\Control` katika rejista: 1 ni njia ya BIOS na 2 ni UEFI. Kwenye Linux, angalia kama saraka ya `/sys/firmware/efi` ipo. Ikiwepo, umewaka kwa UEFI. Isipokuwepo, umewaka kwa njia ya zamani. Kwenye Windows ambayo tayari imesakinishwa, programu ya `msinfo32` huonyesha hali hiyo katika ukurasa wake wa kwanza.

Flashi isipoonekana kabisa upande wa UEFI, chanzo mara nyingi ni jinsi ilivyotayarishwa. Programu dhibiti ya UEFI inahakikishiwa kusoma mfumo wa faili wa FAT, na mbao mama nyingi hazisomi NTFS. FAT32 nayo haipokei faili lenye gigabaiti 4 au zaidi, ilhali faili la `install.wim` la Windows Server mara nyingi huvuka hapo. Suluhisho safi ni kuligawanya faili hilo kwa amri ya `dism /Split-Image` kuwa vipande vya `.swm`, ambavyo kisakinishi huvitambua chenyewe, na kuacha flashi ikiwa FAT32.

Diski ikiwa na jedwali la MBR na haina data yoyote ya kuhifadhi, lifute ndani ya dirisha hilo hilo la amri: `diskpart`, kisha `list disk`, kisha `select disk` ikifuatiwa na namba ya diski, kisha `clean`, kisha `convert gpt`. Amri ya `clean` haiulizi mara mbili. Nashauri diski nyingine zote zichomolewe kabla ya hatua hii, kwa kuwa namba za diski ndani ya kisakinishi hazifuati mpangilio uliouzoea kwenye Windows iliyosakinishwa, na kwenye seva ya biashara diski ya pembeni huwa ndiyo yenye hesabu za kampuni.

Diski ikiwa na mfumo ulio hai juu ya MBR, kufuta si lazima. Windows za karibuni huja na chombo cha `mbr2gpt`, ambacho hugeuza diski ya mfumo bila kugusa data, mradi diski iwe na patisheni za msingi zisizozidi tatu, isiwe na patisheni iliyopanuliwa, na isiwe diski ya aina ambayo Windows huiita dynamic. Endesha kwanza kwa chaguo la `/validate`, chukua nakala rudufu, ndipo ugeuze, na mara baada ya hapo ubadilishe mipangilio ya ubao mama iwe UEFI, la sivyo seva haitawaka. Kwenye Linux, `gdisk` hufanya kazi hiyo, ila ihakikishwe kwamba kuna sekta 33 zilizo wazi mwishoni mwa diski kwa ajili ya nakala ya pili ya jedwali la GPT, na kwamba kipakiaji cha mfumo kitasakinishwa upya kabla ya kuzima mashine.

Seva isiyo na UEFI

Seva ndogo nyingi za kabla ya takriban mwaka 2012 zina BIOS pekee. Kwenye mashine kama hiyo, Windows haiwezi kuwaka kutoka diski inayovuka terabaiti 2.2 na kuitumia yote. Hakuna ujanja unaodumu, na mbinu za kuilaghai BIOS ninazipinga kwenye mashine inayotegemewa na watu kulipwa mishahara yao.

Njia sahihi ni kuacha kuifanya diski kubwa iwe ya kuwashia. Weka SSD ndogo ya gigabaiti 240 kwa ajili ya mfumo, iwe na jedwali la MBR bila wasiwasi, na diski kubwa ziwe za data kwa jedwali la GPT. Windows Server husoma diski za data za GPT tangu Windows Server 2003 SP1, hata kama mashine yenyewe ni ya BIOS. Kama unatumia kadi ya RAID, nyingi zinakuruhusu kulikata kundi moja la diski kuwa diski pepe mbili: ya kwanza ya gigabaiti 150 au 200 kwa ajili ya mfumo, na ya pili ikabeba nafasi yote iliyobaki. Mfumo endeshi huziona kama diski mbili tofauti, na kila moja hupata jedwali lake.

Kwa maoni yangu, mgawanyo huu unafaa hata kwenye seva yenye UEFI kamili. Mfumo unapoharibika, unausakinisha upya bila kugusa data, na nakala rudufu ya mfumo inakuwa ndogo na ya haraka. Diski kubwa ya kuwashia inayobeba kila kitu huonekana kuwa nafuu siku ya kununua, kisha hugharimu siku ya kurejesha.

Linux ina njia yake. GRUB, kipakiaji chake, inaweza kuwaka kutoka GPT hata kwa BIOS, mradi kuwe na patisheni ndogo ya mebibaiti 1 iliyowekewa alama ya `bios_grub` ambamo sehemu yake ya pili inahifadhiwa. Patisheni hiyo ikikosekana, usakinishaji wa GRUB hulalamika kwamba hakuna mahali pa kujipachika. Ipo pia BIOS ambayo hukataa kuiwasha diski ya GPT kwa sababu haioni patisheni yoyote yenye alama ya kuwa hai. Amri ya `disk_set pmbr_boot on` ndani ya `parted` huiwekea alama hiyo rekodi ya kinga iliyo mwanzoni mwa diski.

Seva iliwaka vizuri kwa miezi, kisha ikagoma

Dalili hii huwahangaisha mafundi kuliko nyingine zote, kwa kuwa hakuna kilichobadilishwa kwenye vifaa. Ina vyanzo viwili vikuu.

Chanzo cha kwanza hupatikana kwenye Linux inayowaka kwa BIOS kutoka diski kubwa yenye patisheni moja ya mfumo. GRUB husoma kerneli kupitia BIOS, na BIOS yenye kikomo haiwezi kusoma juu ya terabaiti 2.2. Siku ya usakinishaji, diski ikiwa tupu, kerneli huandikwa karibu na mwanzo na kila kitu hufanya kazi. Miezi kadhaa baadaye, diski imeanza kujaa, sasisho la kawaida linaleta kerneli mpya, na mfumo wa faili unaiweka mahali popote palipo wazi, pengine juu ya mpaka. Seva ikiwashwa upya, GRUB inalalamika kwamba imejaribu kusoma nje ya diski. Kuchagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB mara nyingi huirudisha seva hewani, na jambo hilo lenyewe ni uthibitisho wa chanzo. Tiba ya kudumu ni patisheni ya `/boot` inayojitegemea, iliyoko mwanzoni kabisa mwa diski, ya gigabaiti 1 hivi, ambayo haitavuka mpaka kamwe.

Chanzo cha pili kinahusu UEFI. Orodha ya mifumo inayoweza kuwashwa haikai kwenye diski peke yake. Hukaa pia kwenye kumbukumbu ya ubao mama. Programu dhibiti inaposasishwa, au mipangilio inaporudishwa ya kiwandani, orodha hiyo inaweza kufutika, na seva ikasema haina kifaa cha kuwashia ingawa diski iko salama. Wakati mwingine urejeshaji huo wa mipangilio huirudisha mashine kwenye njia ya zamani ya BIOS, na matokeo huwa yale yale. Angalia kwanza kama UEFI bado imechaguliwa. Ikiwa imechaguliwa, washa kwa flashi ya usakinishaji, ipe patisheni ya EFI (ile ndogo yenye kipakiaji) herufi kwa `diskpart`, tuseme S, kisha uandike `bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`, baada ya kuhakikisha kwamba C ndiyo kweli yenye Windows. Kwenye Linux, kazi hiyo hufanywa na `efibootmgr`. Inafaa pia kuweka nakala ya kipakiaji katika njia ya akiba, `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`, ambayo UEFI huitafuta yenyewe inapokosa maelekezo mengine.

Diski pacha zisizoweza kubadilishana zamu

Wamiliki wa biashara ndogo hununua diski mbili za RAID 1 wakiamini kwamba moja ikifa, nyingine itaiwasha seva. Kwa RAID ya kadi ni kweli. Kwa RAID inayoendeshwa na mfumo endeshi, mara nyingi si kweli mpaka ifanyiwe kazi ya ziada, na hilo hugunduliwa siku ya msiba.

Sababu ni patisheni ya EFI. Ubao mama huisoma kabla RAID ya mfumo endeshi haijaamka, na kwa hiyo huiona kama patisheni ya kawaida kwenye diski moja. Data imenakiliwa pande zote mbili, lakini kipakiaji kiko upande mmoja. Kwenye Linux, njia rahisi kuelewa ni kuunda patisheni ya EFI kwenye kila diski, kunakili yaliyomo kila kipakiaji kinaposasishwa, na kuongeza kila diski kwenye orodha ya ubao mama. Wengine huziunganisha patisheni hizo mbili kwa `mdadm` kwa kutumia metadata ya toleo la 1.0, ambayo hukaa mwishoni na kuuacha mwanzo wa patisheni uonekane kama FAT ya kawaida. Inafanya kazi, ila programu dhibiti ikiandika kitu upande mmoja, pacha hizo hutofautiana bila RAID kujua. Mimi nachagua njia ya kwanza. Kwenye Windows pia, patisheni ya EFI ya diski ya pili hutengenezwa kwa mkono.

Vyovyote utakavyochagua, zima seva, chomoa diski ya kwanza, iwashe kwa diski ya pili pekee, kisha ufanye kinyume chake. Fanya hivyo kabla seva haijapewa data.

Usakinishaji umekamilika, lakini diski haimo kwenye menyu ya kuwashia

Ikiwa diski imeunganishwa kwenye kadi ya ziada, chunguza kama kadi hiyo ina draiva ya UEFI ndani ya chipu yake. Kadi za zamani zina programu ya BIOS pekee: kisakinishi kinaiona diski kwa sababu kina draiva yake, lakini ubao mama ulio katika UEFI tupu hauioni. Hali hiyo hiyo huzikumba SSD za NVMe kwenye mbao mama zilizotengenezwa kabla ya teknolojia hiyo kuzoeleka. Sasisha programu dhibiti ya kadi au ya ubao mama. Ikishindikana, hamishia diski ya mfumo kwenye soketi ya SATA ya ubao mama na uiachie kadi diski za data.

Diski haionekani popote

Kisakinishi kikionyesha orodha tupu huku skrini ya ubao mama ikiiona diski, kinachokosekana ni draiva ya kidhibiti, ambayo hupakiwa kutoka flashi ya pili kwa kitufe cha kupakia draiva. Lakini diski isipoonekana hata kwenye ubao mama, na ukiigusa husikii mzunguko wowote, fikiria umeme. Baadhi ya diski kubwa za kibiashara hufuata toleo la 3.3 la SATA, ambamo pini ya tatu ya plagi ya umeme, iliyokuwa ikibeba volti 3.3, imegeuzwa kuwa ya kuizima diski. Pawasaplai ya zamani inayotuma umeme hapo huifanya diski ilale daima. Kebo ya umeme isiyo na waya wa volti 3.3 huimaliza shida hiyo mara moja.

Diski iliyohamishwa inaonekana tupu

Diski iliyogawiwa na kujazwa data ikiwa ndani ya kasha la USB, kisha ikafungwa ndani ya seva, inaweza kuonekana kama haijawahi kugawiwa. Baadhi ya makasha hayo huitangaza diski kuwa na sekta za baiti 4,096 ili hata kompyuta za zamani ziweze kuvuka terabaiti 2.2. Kichwa cha GPT hukaa kwenye sekta namba 1, ambayo ndani ya kasha huanza kwenye baiti ya 4,096, na ndani ya seva huanza kwenye baiti ya 512. Seva inatafuta mahali pasipo. Usikubali ombi la Windows la kuiandaa diski upya. Irudishe kwenye kasha lile lile, nakili data mahali pengine, ndipo uigawe upya ikiwa ndani ya seva.

Jambo la jirani hutokea unapopanua kundi la RAID: nakala ya pili ya GPT, ambayo hukaa mwishoni mwa diski, sasa inajikuta katikati, na vyombo vya Linux hutoa onyo. Chaguo la `e` katika menyu ya wataalamu ya `gdisk` huipeleka mwisho mpya.

Nakala rudufu inashindwa baada ya diski kubwa kuwekwa

Seva inaweza kuwaka vizuri na bado ikakosa ulinzi. Chombo cha nakala rudufu kilichomo ndani ya Windows Server 2008 na 2008 R2 huhifadhi katika muundo wa VHD, ambao kikomo chake ni gigabaiti 2,040, hivyo hakiwezi kubeba ujazo unaovuka terabaiti 2. Kuanzia Windows Server 2012 muundo ni VHDX, unaofika terabaiti 64. Kwenye mifumo ya zamani, gawa diski ya data kuwa ujazo mdogo kuliko kikomo hicho, au tumia programu nyingine.

Kumbuka pia kwamba picha ya mfumo iliyochukuliwa kwenye mashine ya BIOS hairejeshwi na chombo hicho kwenye mashine iliyowashwa kwa UEFI, wala kinyume chake. Urejeshaji hukatishwa kwa ujumbe unaosema kwamba programu dhibiti ni tofauti. Ukikutana na ujumbe huo kwenye seva ile ile iliyochukuliwa picha, sababu ni kwamba flashi ya uokoaji imewashwa kwa njia isiyo yake. Iwashe upya, chagua ingizo jingine la flashi hiyo kwenye menyu, na urejeshaji utaendelea. Baada ya kugeuza diski kutoka MBR kwenda GPT, chukua picha mpya siku hiyo hiyo, kwa kuwa zile za zamani zote zimebaki upande wa BIOS.